Bahari ina geti? Kumchagulia mtoto wa Tororo vitabu vya bahari

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Tororo na wanangu wawili: binti wa miaka mitano aliye naseri, na mdogo wake wa kiume aliyetimiza miwili juzi. Baba yao ni dereva wa masafa marefu, anapakia Mombasa na kushusha Kampala. Kwao ni Likoni, ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili. Watoto hawajawahi kuiona bahari. Wiki iliyopita binti akaniuliza, "Mama, bahari ina geti?" Nikakosa la kumjibu. Sokoni kuna mtu anauza vitabu vya picha vya mitumba, na vya bahari ni vingi, vyote vya Kiingereza. Nimetenga shilingi elfu thelathini. Nichague vipi, na niwasomee kwa lugha gani?

Jibu: Marahaba, dada.

Swali la binti yako limenichekesha, halafu likaninyamazisha. Mtoto anayekulia jirani na Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, anajua kwamba kila baba anakokwenda kuna geti, kuna foleni ya malori, na kuna mtu mwenye muhuri. Amechukua anachokijua akapimia asichokijua. Kitabu utakachomnunulia kiwe na nafasi ya maswali ya namna hiyo. Vingi vinavyouzwa havina nafasi, vimejaa majibu kuanzia kwenye jalada.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge. Chumba chetu cha kusomea watoto hapa Jinja kilipata pesa kidogo, nami nikaimalizia karibu yote kwenye kitabu kimoja kikubwa cha bahari: jalada gumu, karatasi za kuteleza, viumbe zaidi ya mia mbili kila mmoja na jina lake. Watoto walikipenda kwa dakika kumi. Walifunua, wakapiga kelele kwenye papa, wakafunua tena, wakagombania nani ashike, basi. Kesho yake nikawauliza wanakumbuka nini. Papa. Naye papa walikuwa wakimjua zamani kutoka kwenye katuni.

Wiki hiyohiyo nikawasomea kitabu chembamba nilichokiokota sokoni kwa shilingi elfu mbili, jalada la nyuma halipo. Hadithi yenyewe haina hata maneno sitini: kasa mdogo anatoka kwenye yai usiku, yuko mchangani, anatafuta maji. Tulipofika ukurasa wa nne, mvulana mmoja wa miaka minne akanishika mkono nisifunue. "Mama yake yuko wapi?"

Jibu la kweli si tamu. Kasa jike hupanda ufukoni, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia, huyafukia, na usiku uleule hurudi baharini. Hayangojei. Watoto huanguliwa baada ya kama miezi miwili na kushuka majini peke yao. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema hilo bila kumuumiza mtu, msichana aliyekaa kando akamjibu mwenzake: "Ameenda kazini. Hawa wanakaa na jajja." Nikamuuliza, jajja, yaani bibi, yuko wapi hapa? Akaweka kidole juu ya mwezi.

Ukurasa ule hatukuuacha mpaka uji ukapoa. Kisha nikawaambia jambo la kweli linalofanana na alilosema: kasa wachanga hufuata upande wa mbingu ulio na mwanga zaidi, na ufukoni penye giza upande huo ni wa bahari, kwa kuwa maji huakisi mwezi na nyota. Ndiyo maana taa za mahoteli huwapoteza. Wiki nzima watoto wangu walikuwa wakitambaa sakafuni kuelekea dirishani.

Kwa binti yako, basi, tafuta kitabu chenye kiumbe mmoja na shida moja. Kaa anayetafuta gamba au shimo la kujificha. Pweza aliyepotelewa na pango lake. Mvuvi ambaye upepo umekatika akiwa mbali na pwani. Huyo mmoja atamfungulia bahari yote. Kitabu cha viumbe mia mbili kitamfaa akifika miaka saba au minane, atakapokuwa na maswali yake mwenyewe na anataka pa kuyatafutia.

Mdogo wake ni mambo mengine kabisa. Mtoto wa miaka miwili yuko kwenye kutaja majina, kwa hiyo mpe picha moja kwa kila ukurasa, kubwa, nyuma yake pasiwe na vurugu. Kitabu kiwe cha kadibodi, maana atakitafuna, na kukitafuna ndiko kukisoma kwa umri wake. Achana na vile vya kufunua vipande ikiwa ni vya mitumba; vipande vyenyewe huwa vimeshang'olewa, na chini yake pamebaki gundi. Na hapa nakuonya kwa ukali: vipo vitabu vya kubonyeza vikalia sauti ya mawimbi au ya nyangumi. Ndani yake mna betri ndogo za duara, bapa kama kifungo. Betri ya namna hiyo mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu, kirudishe mezani, hata ukipewa bure.

Sasa twende kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo mzazi wa bara anapodanganywa bila kujua. Wewe hujaishi pwani, na mchoraji wa kitabu huenda naye hajaishi. Njia yangu ni kuangalia mikia. Mkia wa papa, kama wa ngege au sangara unayemnunua sokoni, umesimama wima na huenda kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi na wa pomboo umelala bapa, nao hupiga juu na chini, kwa sababu hao si samaki: wanavuta hewa, wanazaa, wananyonyesha. Mchoraji aliyempa nyangumi mkia wa samaki hakujisumbua kumtazama, na huenda hakujisumbua na mengine. Halafu lile chemchemi linaloruka kutoka kichwani kwa nyangumi kama bomba lililopasuka! Kinachotoka pale ni pumzi yake yenye unyevu, kama mvuke wa mdomo wetu asubuhi ya baridi. Kwa kitabu cha kuchekesha nalisamehe. Kwa kitabu kinachojidai kufundisha, silisamehi.

Pweza mhesabie mikono, iwe minane. Kazi hiyo mpe binti yako, ataifanya kwa furaha kuliko wewe. Akimaliza mwambie kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya buluu, kisha utazame uso wake. Kambakochi akichorwa mwekundu kama nyanya na huku anaogelea, ujue mchoraji amemjulia kwenye sahani. Wekundu ule wa moto kwa kawaida huja akishapikwa. Tena kambakochi wa pwani yetu hana yale makoleo makubwa yanayochorwa vitabuni, hao ni wa bahari za kaskazini. Wa kwetu ana pembe ndefu za kupapasia, na mumeo anamjua vizuri.

Utakutana pia na kitabu ambamo pengwini na dubu mweupe wamekaa pamoja juu ya barafu, marafiki wakubwa. Dubu yule ni wa Ncha ya Kaskazini, pengwini ni ndege wa upande wa kusini, hawakutani popote. Jambo ambalo vitabu hivyo havisemi, na ambalo watoto wetu hulipenda sana, ni kwamba wapo pengwini Afrika, Namibia na Afrika Kusini, wanaotembea kwenye mchanga na mawe bila barafu yoyote.

Nakutisha na makosa haya kama vile kila kitabu ni mtihani, la. Kosa moja lisikukoseshe kitabu kizuri. Ukiligundua, ligeuze kuwa mchezo: "Nani ameona mchoraji alipokosea?" Binti wa miaka mitano akishamkamata mchoraji mara moja, atasoma picha kwa jicho la askari wa ushuru.

Kuhusu wanyama wanaosema na kuvaa kofia, watu hubishana. Mwaka 2014 Patricia Ganea na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliosomewa vitabu vya wanyama wasiowajua. Waliosomewa kwa maneno yanayompa mnyama mawazo na tabia za kibinadamu walielekea zaidi kudhani hata mnyama halisi yuko hivyo. Mimi nauheshimu utafiti huo, lakini sitawanyima watoto hadithi. Sisi tumelelewa na sungura mjanja na fisi mlafi, na hakuna aliyekwenda kumwamkia fisi wa kweli. Ninachofanya ni kutochanganya. Siku ya hadithi ni hadithi, papa azungumze, avae hata tai. Siku ya kujifunza nachukua kitabu chenye picha za kamera au michoro ya kweli, na papa hasemi neno. Kwa pesa yako nunua kimoja cha upande huu na kimoja cha upande ule. Hadithi ya kima na papa, yule kima aliyesema ameuacha moyo wake mtini, haihitaji kununuliwa. Baba yao bila shaka anayo kichwani.

Hapo nimefika kwenye lugha. Wasomee kwa Kiswahili, hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Huna haja ya kutafsiri neno kwa neno. Pitia kitabu mara moja usiku watoto wakishalala, elewa kinachotokea, kesho usimulie kwa maneno yako huku ukionyesha picha. Kiingereza binti anakipata naseri kila siku. Kiswahili cha bahari atakipata wapi Tororo kama si kwenu? Na hicho Kiswahili kinamfundisha kitu ambacho Kiingereza kinaharibu. Kiingereza kimewabandika jina la samaki viumbe ambao si samaki: yule mwenye ncha tano kama nyota, na yule laini kama jeli anayewasha. Mswahili wa kwanza amemwita kiti cha pweza, wa pili konyeza. Kasa ana jina lake na kobe ana lake; wengi wetu huku bara tunawaita wote kobe, kumbe kasa ana mapezi badala ya miguu, na hawezi kuingiza kichwa ndani ya gamba. Nguva naye usikubali ageuzwe mwanamke mwenye mkia wa samaki. Nguva ni mnyama wa kweli, mnene, mpole, anakula majani ya chini ya bahari kama ng'ombe malishoni.

Maneno hayo yote mumeo anayo, na huenda hajui kama ni mali. Siku moja akiwa Likoni anasubiri feri, mwambie apige picha tano tu kwa simu: maji, mashua, kaa kama atamwona, samaki mezani kwa mchuuzi, na feri yenyewe. Kila picha aifuatishe na sauti yake: "Huyu ni changu. Huyu anaitwa tafi. Hiki ni kiti cha pweza." Watoto watasikiliza sauti hiyo mara mia. Ila asiwaletee makombe wala vipande vya matumbawe. Kwenye hifadhi za bahari za Kenya hairuhusiwi kuviondoa, na tumbawe linaloonekana kama jiwe limejengwa na wanyama wadogo mno walio hai.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko kitabu chenyewe. Mwaka 1988 huko Marekani, Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa umri wa mwanao mdogo jambo rahisi: wasisome moja kwa moja tu, waulize, wamngoje mtoto, wachukue jibu lake na kulirefusha kidogo. Baada ya mwezi mmoja watoto hao walikuwa wamewapita kwa kuzungumza wenzao waliosomewa kwa mtindo wa kawaida. Kwa hiyo mdogo akisema "kaa!", wewe ongeza: "Ndiyo, kaa anakwenda upande. Anakimbilia wapi?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Hesabu mpaka tano moyoni.

Kitu kimoja kinachowasumbua watoto wa Uganda ni kwamba wanalijua ziwa, basi wanadhani bahari ni Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, lililonenepa. Kitabu kizuri kitaonyesha tofauti, na kisipoonyesha utaionyesha wewe. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya chumvi, vya kusawazisha, visifurike, ukoroge. Hiyo ndiyo chumvi ya bahari, takriban gramu 35 kwa lita. Kila mmoja achovye kidole aonje, asinywe. Binti akishakunja uso, ameijua bahari kwa ulimi. Tofauti ya pili ni kupwa na kujaa: mara mbili kwa siku maji hurudi nyuma, na mara mbili huja. Ukiona kitabu chenye picha ya mashua zimelala ubavu mchangani, halafu ukurasa wa pili zinaelea palepale, kinunue bila kubishania bei. Ni vichache mno.

Pale sokoni, kabla ya kulipa, fanya haya haraka. Nusa kitabu, kikinuka ukungu, au ukiona madoa meusi kwenye mshono, kiache, kitaambukiza na vingine. Hesabu kurasa za katikati, ndizo zinazong'oka. Soma ukurasa mmoja kwa sauti ukiwa umesimama hapohapo, kwa Kiswahili chako, watu wakutazame wakitaka. Ukikwama, au ukijichosha wewe mwenyewe, hutakisoma mara ya thelathini, na mtoto wa miaka miwili atakuomba mara ya thelathini. Nyumbani kipanguse jalada kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na ukianike kivulini, kwa kuwa jua kali linapinda kadibodi.

Elfu thelathini nisingeimaliza yote sokoni. Viwili au vitatu vya mitumba vinatosha: cha kadibodi kwa mdogo, cha hadithi kwa mkubwa, na cha picha za kweli kama kipo. Inayobaki itumie kwa bando na kuchapisha. Tovuti ya African Storybook ina vitabu vya picha vya bure kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za Uganda, na StoryWeaver ya India nayo ni bure. Unapakua kwenye simu, ukipenda unachapisha, hakuna atakayekudai. Si vyote vizuri, na vya bahari itabidi uvitafute. Visome kwanza mwenyewe kama nilivyosema.

Na kimoja kitengenezeni. Kata boksi la sabuni vipande sita, toboa, funga kwa uzi. Binti aseme, wewe uandike kama alivyosema, bila kumsahihisha: safari ya baba kutoka bandarini Kilindini mpaka Malaba. Yeye ndiye achore. Lori na geti anavijua, bahari ataibuni, na akirudi baba yao ndiye mhariri. Kitabu hicho nakuapia kitachakaa kabla ya vile ulivyonunua.

Kuna ukurasa mmoja ningependa usikose humo, na hautaupata kwenye kitabu chochote cha mitumba. Lori la baba likivuka daraja la Malaba kuelekea Kenya linakwenda Bahari ya Hindi. Mto Malaba unaopita chini yake unakwenda upande mwingine: unaingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga, kisha Nile, unapita Sudan Kusini, Sudan na Misri, na yale yanayonusurika jua na mashamba ya watu huishia Bahari ya Mediterania. Baba anaifuata bahari moja, maji yanaifuata nyingine. Mwache achore mishale.

Kuhusu geti, mjibu kweli: bandari inalo, kubwa, na baba hupanga foleni hapo. Bahari haina. Najua atakachouliza baadaye: sasa nani anaizuia isitoke? Hapo usijitie kujua, mpigieni baba yake.